Walipelekwa Gilgil Wafunzwe Adabu, Wakaingia Chuo Wakagoma

Kila ikifika Septemba, simu yangu hujaa video za Wachina. Vijana wa miaka 18 wamevaa sare za madoadoa, wamepanga safu uwanjani, jua linawachoma na hakuna anayetikisika. Mmoja anazimia, wawili wanambeba, safu inajiziba kama maji. Kisha kamera inaingia bwenini na unaona blanketi zimekunjwa mpaka zina kona, utadhani ni matofali. Hao si makurutu wa jeshi. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, watu waliokuja kusomea uhasibu na kompyuta. Mafunzo yenyewe yanaitwa junxun, huchukua kama wiki mbili au tatu, na wanaosimamia mara nyingi ni wanajeshi. Septemba 2024 Uchina iliipiga msasa sheria yake ya elimu ya ulinzi ili mafunzo hayo yakazwe zaidi, shule za upili zikiwemo.

Na kila Septemba lazima kuwe na Mkenya mzima na akili zake wa kusambaza video hiyo na maneno yale yale: hii ndiyo dawa ya Jenzii wetu.

Tangu Juni 2024 wimbo huo umepata waimbaji wengi. Hapa Subukia utausikia kwa kinyozi, utausikia stejini ukingoja matatu ya Nakuru ijae, na wikendi mazishini utausikia kutoka kwa mwanasiasa aliyeshika maikrofoni. Vijana hawana adabu. Vijana wamelelewa na simu. Wapelekwe jeshini miezi michache, watarudi wakisema "ndio mzee". Nimesikiza sana, na kinachonishangaza ni kwamba wanaosema hivyo huongea kana kwamba ni kitu kipya ambacho Kenya haijawahi kujaribu. Ilijaribiwa. Na ilijaribiwa hapa hapa kwenye kaunti yetu.

Kutoka Subukia unapanda matatu, unapita Bahati na Maili Kumi, unatokea upande wa Lanet, unashika barabara kuu ya Nairobi na baada ya muda si mrefu uko Gilgil. Ndiko iliko kambi kuu ya mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile ambayo sote tunaiita NYS. Ukifikiria vizuri, Kaunti ya Nakuru ni kaunti ya kupigishwa saluti. Lanet kuna kambi ya jeshi na chuo cha maafisa. Gilgil kuna jeshi, kuna NYS. Naivasha kuna jela kubwa. Hata maasi ya kwanza ya jeshi baada ya uhuru yalitokea Lanet, Januari 1964, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa. (Kwa hivyo mtu akikwambia sare huleta utiifu, mwambie aulize Lanet.)

NYS yenyewe ilizaliwa mwaka huo huo wa 1964. Serikali changa ilikuwa na vijana wengi waliopigania uhuru au waliopiga kampeni, hawana shule, hawana kazi, na wanakumbuka walichoahidiwa. Aliyepewa kazi ya kuwapanga ni Geoffrey Griffin, yule yule mwanzilishi wa Starehe Boys, na aliiongoza NYS mpaka 1988 huku akiendesha shule yake. Vijana walifunzwa gwaride, ufundi na kilimo, wakapelekwa kujenga barabara kwenye maeneo kame. Lakini waliingia kwa hiari. Tofauti hiyo ishike, tutairudia.

Kulazimishwa kulikuja 1984. Kuanzia mwaka huo, ukiitwa chuo kikuu cha umma ulianzia kwanza Gilgil. Miezi mitatu ya kuamka usiku, kukimbia, gwaride na kazi za mikono, wavulana na wasichana. Hupiti huko, huingii darasani. Mpango huo uliendelea hadi 1990.

Kwa nini 1984? Rudi nyuma miaka miwili. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walijaribu kumpindua Rais Moi. Mapinduzi yalizimwa siku hiyo hiyo, lakini kabla hayajazimwa baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wameingia barabarani kushangilia. Serikali haikusahau. Chuo kilifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi SONU, Titus Adungosi, alifungwa miaka kumi na akafia gerezani 1988. Hiyo ndiyo hewa ambayo mpango wa Gilgil ulizaliwa ndani yake. Ulipewa majina mazuri: uzalendo, nidhamu, kuheshimu kazi ya mikono. Na pengine kuna waliouamini kwa moyo safi. Lakini yeyote aliyesoma magazeti wakati huo alijua ni akina nani walikuwa wamewatisha wakubwa.

Sasa rudi Uchina uone mfanano. Sheria yao ya huduma ya kijeshi iliyotaja mafunzo kwa wanafunzi wa chuo ilipitishwa 1984, mwaka ule ule wa Gilgil. Hiyo ni sadfa tu, tusitafute mchawi. Lakini Juni 1989 wanafunzi walipojaa uwanja wa Tiananmen na jeshi likawamiminia risasi, mafunzo ya wiki chache yalionekana hayatoshi. Walioitwa Chuo Kikuu cha Peking mwaka huo hawakuanzia chuoni. Walipelekwa chuo cha kijeshi Shijiazhuang kwa mwaka mzima, na idadi ya wanaoingia ikakatwa vibaya. Waliofuata nao hivyo hivyo, miaka kama minne, kisha mambo yakarudi kwenye wiki. Kile unachokiona leo TikTok kama kijana mrembo anajifunza kukunja blanketi kina historia ya damu nyuma yake.

Tanzania ndiyo hadithi ninayoipenda zaidi, kwa sababu huko wanafunzi walijibu.

Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa Julai 1963 kwa watu wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ya Nyerere ikaamua wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita waende kwa lazima, miaka miwili. Miezi michache kambini, halafu unarudi kwenye kazi yako ya kawaida lakini unalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho ya chuo, wengine na mabango ya kusema heri enzi za mkoloni. Hilo bango lilikuwa la kijinga, tuseme ukweli. Nyerere aliwasikiza, akakasirika, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao.

Watu wengi hukomea hapo wakisimulia. Mwalimu aliwanyoosha, kwisha. Lakini kuna kipande kingine. Wanafunzi hawakulalamikia gwaride peke yake. Walikuwa wakisema: ninyi wakubwa mna mishahara minono, mnatuambia sisi ndio tujitolee. Na Nyerere, katikati ya hasira yake, aliona hilo lina ukweli. Siku ile ile alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na kitu baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake kwa viongozi: usiwe na mishahara miwili, usiwe na nyumba za kupangisha. Sisemi wanafunzi ndio walioandika Azimio. Nasema tu kwamba rais aliyewafukuza alikuwa ametoka kwenye mkutano ule akiwa amebeba swali lao.

Hebu lete hilo swali Kenya ya Jenzii. Juni 2024 tulikuwa tunapinga Mswada wa Fedha, ndiyo, lakini ukisikiza vizuri kelele za barabarani, nyingi zilikuwa za mishahara, saa za bei, magari na helikopta za wakubwa. Bunge likavamiwa Juni 25, jeshi likatolewa kambini kuja kusaidia polisi, na tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, baadaye ikahesabu watu wasiopungua 60 waliouawa kwenye maandamano ya mwaka huo. Vumbi halijatulia, Julai hiyo hiyo, tukasikia wabunge na mawaziri wanaongezewa mshahara. Kelele zilipozidi ndipo nyongeza ikasimamishwa. Kwa hivyo mzee akiniambia nchi inahitaji mafunzo ya kujitolea na nidhamu, mimi sibishi. Nauliza tu foleni inaanzia upande gani.

Lakini swali la je, inafanya kazi, nalo linafaa kujibiwa bila kelele. Kwa sababu inawezekana kitu kianzishwe kwa nia mbaya na bado kilete faida.

Tuanze na kile serikali ya Moi ilitaka: wanafunzi wapole. Kundi la kwanza la Gilgil lilikuwa bado halijazoea vyumba vyake chuoni wakati, Februari 10, 1985, polisi walipovamia mkutano wa wanafunzi kwenye uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi aliuawa. Novemba 1987 vurugu tena, viongozi wa SONU wakakamatwa, chuo kikafungwa tena, na mwenyekiti Robert Wafula Buke akaishia kufungwa miaka mitano. Kufikia 1987, wengi wa waliokuwa darasani walikuwa wameshapitia Gilgil. Yaani serikali ilichukua vijana wa mikoa yote, ikawaweka kambini miezi mitatu, ikawafunza kuamka pamoja, kutembea pamoja na kuvumilia njaa na maafande pamoja. Halafu ikashangaa walipoweza kuandamana pamoja. Kwani ulidhani unawafunza nini?

Nilimuuliza mjomba wangu mmoja ambaye alikuwa kwenye makundi hayo. Nilitarajia alalamike. Akacheka. "Siku za kwanza nililia usiku. Baadaye nikapata marafiki ambao bado tunapigiana simu mpaka leo." Kitanda cha kushoto kwake alilala kijana wa Siaya, cha kulia kijana wa Garissa, na yeye mtoto wa Subukia hakuwa amewahi kukaa karibu na yeyote kati yao. Kuhusu nidhamu, alisema alichojifunza zaidi ni kujificha afande asikuone.

Hilo la vitanda ndilo hoja nzito kuliko zote upande wa wanaotaka Gilgil irudi, na sitaki kuipita mbio. Sisi wa Nakuru tunajua gharama ya watu wasiojuana. Kaunti hii imechomeka 1992, ikachomeka 1998, ikachomeka tena 2008. Nina rafiki ambao hadi leo hawapiti mitaa fulani giza likiingia. Ukiniambia kuna njia ya kumfanya kijana wa Kuresoi na kijana wa Bahati wale sufuria moja miezi mitatu kabla ya mwanasiasa kuwapata, nitakusikiza.

Ila hesabu haikubali. Waliolala vitanda vilivyopangwa hivyo miaka ya themanini walikuwa watu wazima 1992. Walikuwa wazazi na wakubwa wa ofisi 2007. Urafiki wao ulidumu, naamini, mjomba ni shahidi. Lakini moto wa Bonde la Ufa unawashwa na ardhi, uchaguzi na pesa za kampeni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokimbizwa mchakamchaka asubuhi. Isitoshe, Gilgil ya lazima ilichukua wale waliofaulu kuingia chuo tu. Kijana aliyeachwa kijijini, yule anayenunuliwa mshale na pombe kwa mia tano, hakuwa na kitanda huko.

Tena kuna jambo la pesa, na hapa nitaenda haraka kwa sababu linajieleza. Miaka ya themanini walioitwa chuo kikuu kwa mwaka walikuwa maelfu machache. Mwaka wa 1990 ndipo kundi la kwanza la 8-4-4 lilipoingia chuo, idadi ikapanda, na mpango ukafa. Tanzania nayo ilisimamisha JKT ya lazima 1994 kwa kukosa fedha na kuirudisha 2013. Kwenye KCSE ya 2024 pekee, waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Hao utawalaza wapi? Utawalisha nini? Serikali inayochelewesha pesa za HELB mpaka komredi anakula mlo mmoja kwa siku ndiyo itanunua buti robo milioni?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, nilikuwa naamka saa kumi na moja bila afande. Karo ilikwama, nikaambiwa sitafanya mtihani, nikarudi nyumbani. Wengi ninaowajua walitoka hivyo hivyo. Ukitafuta kinachovuruga vijana wa chuo utakutana na karo kabla hujakutana na adabu.

Na hizo pesa za buti, zikipatikana, zitapitia wapi? NYS ambayo ingepewa kazi ya kutunyoosha ndiyo ile ya 2015, ya shilingi milioni 791. Ndiyo ile ya 2018, ambapo mabilioni yalitajwa na washukiwa wakapangwa kizimbani kama gwaride. Mwaka huo huo sheria mpya ilipitishwa kuifanya shirika lenye bodi yake. Labda mambo yamebadilika. Ila unaelewa kwa nini msee wa mtaani anacheka akisikia nidhamu itatoka huko.

Sasa ile tofauti niliyosema uishike. Wakati wazee wanajadili kutulazimisha, nenda uangalie usajili wa NYS ukifika kwenye kaunti ndogo. Vijana wanafika alfajiri na bahasha za vyeti. Wanapimwa, wanakaguliwa, na wengi wanarudi nyumbani bila nafasi. Mwaka unaofuata wanarudi tena. Hawa wanajua kabisa kuna kukimbia na kufokewa na wanataka, kwa sababu mwisho wake kuna ufundi wa kulehemu, udereva wa mashine za barabara, na zaidi ya yote mlango wa kuingia polisi au jeshi. Marais wawili mfululizo wamesema wanaopita NYS wapewe kipaumbele kwenye usajili wa vikosi, na vijana wamesikia. Mbogi yangu ya hapa Subukia ina watu watatu waliojaribu. Mmoja alichukuliwa. Wawili wanaendesha boda na wanasubiri tangazo lijalo.

Hii ndiyo Kenya yenyewe: kijana anayeomba kuingia kambini anafungiwa lango, halafu kijana aliyeitwa chuo anatishiwa kuingizwa kwa nguvu. Ukichukua nafasi chache zilizopo ukampa kwa lazima mtu anayesomea udaktari na ambaye hataki, umemnyang'anya yule wa boda anayezitaka. Kama kuna pesa za kupanua Gilgil, zipanueni. Ongezeni kozi za ufundi, lipeni posho kwa wakati, fungueni usajili kwa uwazi ili mtu asihitaji kumjua mtu. Vijana watajaza kambi wenyewe, wa kila kabila, na vitanda vitapangika kama vile vya mjomba bila mtu kusukumwa.

Wanaotaka ya lazima nao wana mfano mmoja mzuri wa kuiga, na ni wa majirani. Tanzania iliporudisha JKT ya lazima 2013, baadhi ya wabunge vijana walivaa sare, wakaingia kambini wakalala huko na kukimbia na wenzao. Bunge letu la Kitaifa lina wabunge 349. Seneti ina maseneta 67. Gilgil si mbali na Nairobi, na barabara ni lami mwanzo mpaka mwisho.